Ukikagua katalogi, kitabu kiwe mkononi

Mwaka wangu wa pili kazini, kwenye maktaba ya chuo kimoja hapa Dar, kijana alikuja kaunta. “Shikamoo mama. Hiki kitabu kompyuta inasema hamna.” Nikamwitikia marahaba, nikageuka, kumbe kitabu chenyewe kipo kwenye toroli nyuma yangu, kinangoja kurudishwa rafuni. Aliyekiingiza kwenye mfumo aliandika “Histora”. Kwa kukosa herufi moja, kitabu kilikuwa kimezikwa kizima kizima.

Tangu hapo siamini ripoti peke yake. Ripoti ya Koha, programu ya kuendeshea maktaba, au ya mfumo wowote, itakwambia rekodi ngapi hazina ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, na ngapi hazina mada. Pengo inaliona, uongo haiuoni. “Histora” kwake ni sehemu iliyojazwa vizuri kabisa.

Kwa hiyo, mkutubi mwenzangu, ukipewa kazi ya kutathmini katalogi, inuka kwenye kiti. Chota vitabu hamsini rafuni bila kuchagua, kisha tafuta rekodi ya kila kimoja kupitia ukurasa ule ule anaotumia mwanafunzi, si wa wafanyakazi. Halafu geuza: chota rekodi hamsini, uende rafuni kusaka vitabu. Mzunguko wa kwanza huibua vitabu visivyoonekana, wa pili huibua mizimu, yaani rekodi za vitabu vilivyopotea zamani. Sisi ulituaibisha huo wa pili.

Vitabu vya Kiswahili vitazame kwa jicho kali zaidi. Vya Kiingereza mara nyingi tunavuta rekodi iliyo tayari kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani. Vya kwetu, mtu hufungua rekodi ya kitabu cha Kiingereza, akainakili, akabadilisha maneno, na kasoro zikarithiwa hapo hapo. Katika MARC 21, muundo wa kuandikia rekodi za maktaba kwenye kompyuta, sehemu ya 245, ya jina la kitabu, ina kiashiria cha pili kinachoiambia kompyuta iruke herufi ngapi inapopanga. Jina linaloanza na “The” huwekewa 4: herufi tatu na nafasi. Kiswahili hakina kitu hicho, panatakiwa 0. Ile 4 ikisahaulika, “Historia” inapangwa kama “oria”, huko kwenye O. Nani ataitafuta huko? Na msimbo wa lugha nao hubaki “eng” badala ya “swa”, basi mwanafunzi akichuja vitabu vya Kiswahili, hicho hakimo.

Majina je? Shaaban Robert nimemkuta kwa sura tatu katika katalogi moja: “Shaaban Robert”, “Robert, Shaaban”, na “Shaban” yenye a moja katikati. Vitabu vyake vikatawanyika kama vya watu watatu. Chagueni umbo moja, mengine yaelekeze huko.

Mada ndiyo ubishi wetu mkubwa. Orodha tunayotumia ni ya Kiingereza, hivyo diwani hupewa “Swahili poetry”, na anayeandika “ushairi” anaambulia patupu. Wapo wasiotaka orodha iguswe. Sawa, msiiguse. Ongezeni “ushairi” kwenye sehemu ya 653, iliyowekwa kwa maneno huru. Ni kazi ya dakika moja.

Mimi hukagua rekodi kumi kila Ijumaa mchana, kaunta ikitulia. Kosa naliandika daftarini, aliyekosea simwandiki. Tuliwahi kuweka safu ya majina, na mwezi huo huo watu wakaacha kutaja makosa yao wenyewe.