Kitufe Kilichonyamaza

Mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa, katika soko la Busia, upande wetu wa Uganda, ndiye aliyenifundisha kazi hii ya kubuni skrini za programu za simu. Ada ya somo alilipa yeye: shilingi 60,000 mahali pa 20,000.

Programu ilikuwa yangu, kwa hiyo lawama sina wa kumtupia. Nilikitengenezea kikundi chao cha akiba njia ya kuhamisha pesa kutoka akiba ya mwanachama kwenda mfuko wa msiba. Mama akaandika 20,000, akabonyeza kitufe. Kimya. Mtandao siku hiyo ulikuwa unajikokota. Akabonyeza tena, kisha mara ya tatu kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi huku akijua wenye nyumba wamo ndani. Seva, ile kompyuta ya mbali inayopokea maombi ya simu, ikapokea yote matatu na kuyatekeleza kwa utiifu mkubwa.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii kitu yako haisikii ama inanidharau?"

Pesa zilirudishwa, lakini swali lile sijalisahau. Tangu hapo, nikianza skrini yoyote, naanza na ile nafasi kati ya kidole kugusa kioo na jibu kurudi. Ukiiharibu hapo, rangi nzuri hazitakuokoa.

Mwaka 1993 Jakob Nielsen, mtaalamu wa kurahisisha matumizi ya programu, aliandika vipimo vitatu ambavyo wabunifu wanavitumia hadi leo. Jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huona limekuja papo hapo. Likifika sekunde moja, anahisi kuchelewa ila wazo lake halikatiki. Likipita sekunde kumi, akili yake imeshahamia kwa mteja anayeuliza bei. Sasa, sokoni kwetu seva yangu ilikuwa ikijibu kwa sekunde saba, nane. Ningefanyaje? Jibu la kwanza halihitaji seva. Kitufe chenyewe kinaweza kubadilika papo hapo, ndani ya simu, bila bando wala mnara: kinafifia, maneno yanakuwa "Inatuma…", na hakibonyezeki tena. Zikipita sekunde kumi namwambia mtu ukweli: "Mtandao uko polepole. Ombi lako la 20,000 bado linashughulikiwa, usilirudie."

Hapa niwaonye wenzangu wanaoandika programu. Kufunga kitufe peke yake hakutoshi, maana simu huzimika na watu huifungua programu upya. Kila ombi lipewe namba yake ndani ya simu kabla halijaondoka, namba hiyo ihifadhiwe, na likitumwa upya liende na namba ileile. Seva ikiiona mara ya pili, irudishe jibu la mara ya kwanza bila kukata pesa tena.

Halafu usidanganye. Niliwahi kuonyesha tiki ya kijani mara tu kidole kilipogusa, ili programu ionekane ina kasi. Mweka hazina akanionyesha tiki ambayo pesa zake hazikufika popote. Nikarudi kwenye kitu ambacho soko zima linakisoma bila mwalimu, tiki za WhatsApp. Tiki moja, ujumbe umeondoka. Mbili, umefika kwenye simu ya mwenzako. Na tangu 2014 zikawa bluu akishasoma. Kwangu moja ni "seva imepokea", mbili ni "imeandikwa kwenye daftari la kikundi". Sikulazimika kumweleza mtu yeyote.

Jambo jingine ni sifuri. Shilingi yetu ina sifuri nyingi, na 50000 na 500000 kwenye kioo kilichopasuka, juani, ni mapacha. Weka mkato wakati mtu bado anaandika, usingoje amalize, na chini yake andika kwa maneno: elfu hamsini. Kazi ya mchana mmoja, nami naiona kuwa ndiyo bora kuliko zote nilizofanya katika programu ile.

Vile visanduku vya "Una uhakika?" nimeviondoa karibu vyote. Mtu akishaviona mara tano, kidole kinajibu "Ndiyo" chenyewe. Kwa makosa madogo mpe "Tengua" ya sekunde chache, kama Gmail inavyokuruhusu kurudisha barua uliyotuma sasa hivi. Pesa zikiwa zinaondoka, kitufe chenyewe kiseme kinachofanyika: "Tuma 20,000 kwa mfuko wa msiba". Tena iwe "Tuma". Mwanzoni niliandika "Wasilisha", nikajiona msomi, na wazee watatu wakaniuliza kama hapo ndipo pa kufungulia mashtaka.

Ukubwa wa vitufe sina mengi ya kusema: Google inashauri kama milimita 9 kwa Android, nami naongeza kidogo kwa sababu vidole vya muuza samaki vimelowa.

Madoido je? Niliwahi kutumia wiki mbili nikichora sarafu zinazodondoka kwenye chungu mchango ukiingia. Kwenye laptopu yangu zilipendeza ajabu. Kwenye simu za bei nafuu zilikwama hewani, na betri nayo ikalalamika. Nilizitoa kimyakimya na mpaka leo hakuna aliyeziulizia. Mtikisiko mfupi wa simu mkononi umefanya kazi ileile, na unahisika hata muziki wa kibanda cha jirani ukiwa umefunguliwa mpaka mwisho.

Ukitaka kujaribu yako, acha Wi-Fi ya ofisini. Shusha simu hadi 2G, mtandao ule wa zamani wa polepole, nunua rolex, ile chapati yetu iliyoviringishwa na mayai, kaa kwenye kigoda pembeni ya meza ya mtu anayepima mukene, umpe simu na ufunge mdomo. Kufunga mdomo ndiyo sehemu ngumu. Mimi bado najikuta nikinyoosha kidole na kusema, "Hapana mama, bonyeza hapo juu," na kila nikisema hivyo naandika kwenye daftari: hapo juu hapaonekani.