Kamera zisizotumia waya nyumbani: zifundishe kunyamaza kwanza

Watu wakiniuliza wanunue kamera gani ya usalama ya Wi-Fi, mimi huanza kwa kuwauliza jambo jingine: ikimwona mtu mlangoni saa nane usiku, unataka nyumba ifanye nini? Wengi hunijibu kwamba simu ilie. Sasa simu inayolia kwa kila kitu haikai muda mrefu kabla mwenyewe hajaizima sauti, na tangu siku hiyo kamera inarekodi tu bila kumlinda mtu. Nimeishi na kamera hizi kwa miaka kadhaa, za betri na za umeme, zikiwa zimeunganishwa na taa, kufuli na vihisi vya milango. Kamera karibu zote za siku hizi zinaona vizuri. Kazi iko katika kuzifanya zikae kimya mpaka pawe na la kusema.

Tuanze na zile za betri. Kamera ya betri hulala muda mwingi ili isimalize chaji, na kinachoiamsha ni kihisi kidogo kinachofuatilia joto linalosogea mbele yake, kiitwacho PIR. Kihisi hiki ni hodari kumnasa mtu anayekatiza mbele yake, lakini humchelewa anayeijia kamera moja kwa moja. Ndiyo maana kamera iliyofungwa ikitazama sawasawa na njia ya kuingilia mara nyingi huanza kurekodi mgeni akishafika chini yake, na unachopata ni kofia na mabega. Ihamishie pembeni, ili anayekuja alazimike kukatiza. Kwa urefu, mita mbili na nusu hadi tatu zinatosha. Ukipanda zaidi unakosa nyuso, ukishuka mkono unaifikia. Usiiweke ndani ya dirisha kutazama nje: PIR haipenyi kioo, na usiku mwanga wa infraredi wa kamera yenyewe, usioonekana kwa macho, hurudishwa na kioo, picha ikawa nyeupe tupu.

Za umeme mara nyingi hulinganisha picha moja na inayofuata, kwa hiyo kivuli cha mti, mvua na taa za gari vyote vinaweza kuzistua. Msumbufu mkubwa kuliko wote, kwa niliyoyaona, ni buibui. Hupenda kutanda utando karibu kabisa na lenzi, na usiku uzi ule mwembamba ukimulikwa na infraredi huonekana kama kamba nene nyeupe inayopita katikati ya picha. Upepo ukiutikisa, simu inapokea arifa moja baada ya nyingine hadi alfajiri. Kitambaa laini kinausafisha, ila buibui atarudi. Dawa iliyonifaa ni kuzima taa za infraredi za kamera na kufunga taa ya infraredi inayojitegemea, mbali kidogo, upande wa pili wa mlango. Buibui akitanda huko, kamera haina habari naye.

Kisha chora maeneo. Karibu kila programu ya kamera inakuruhusu kufunika barabara kwenye picha, ili kinachopita huko kisihesabiwe. Na kama kamera inaweza kutofautisha mtu, mnyama na gari, washa arifa za mtu peke yake.

Hapo ndipo mfumo wa nyumba janja, unaoziunganisha kamera na taa, kufuli na vihisi, unapoingia, na mimi nina kanuni moja: kamera haipigi king'ora peke yake. Usiku, kufuli zikishafungwa, kamera ikimwona mtu uani inawasha taa za nje, basi. Akiendelea kuwepo baada ya sekunde ishirini, simu inalia kwa sauti kubwa ikiwa na picha. King'ora kinangoja kihisi cha mlango au dirisha kithibitishe kwamba kuna kilichofunguliwa. Mchana, watu wakiwa nyumbani, kamera inarekodi bila kusema chochote. Na kamera ya sebuleni hukatiwa umeme kabisa na soketi janja pindi simu ya mmoja wetu inapofika nyumbani. Sipendi kuishi mbele ya lenzi, na sioni kwa nini mtoto akulie mbele yake.

Jihadhari na mzunguko mmoja. Taa ikiwaka, picha nzima inabadilika, kamera inahesabu hilo kuwa mwendo, mwendo unaiongezea taa muda, na taa inakesha. Iambie kamera ipuuze sekunde chache baada ya taa kuwaka au kuzimika, au taa iwashwe na kihisi chake yenyewe.

Kabla ya kununua, soma kama kamera inatoa video kwa RTSP au inafuata ONVIF, njia za wazi zinazoiwezesha kuongea na vifaa vya kampuni nyingine. Zikiwepo, mfumo wa nyumba janja kama Home Assistant unaweza kuipokea picha ndani ya nyumba bila kupitia seva ya mtengenezaji, na programu kama Frigate ikatambua watu kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kamera nyingi za betri hazina njia hiyo, kwa sababu kurusha video muda wote kungemaliza betri upesi. Kwa wenye vifaa vya Apple, HomeKit Secure Video huichambua video kwenye kifaa kilichomo nyumbani na kuifunga kwa usimbaji kabla ya kuipeleka iCloud, inakohifadhiwa siku 10. Usidanganyike na nembo ya Matter pekee, kiwango cha kufanya vifaa vya nyumba janja vya kampuni tofauti vielewane: kilitoka 2022 bila kugusa kamera, nazo zikaingizwa katika toleo la 1.5, Novemba 2025. Uliza mfumo wako umefika toleo gani.

Kuhusu mtandao, bendi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri kuliko ya 5, na kamera nyingi zinatumia hiyo tu. Kinachosahaulika ni kasi ya kupakia, ambayo kwenye laini nyingi za nyumbani ni ndogo kuliko ya kupakua. Kamera moja inayorusha megabiti 2 kwa sekunde usiku na mchana hufikisha karibu gigabaiti 21.6 kwa siku. Zikiwa nne, utaona simu za video zinaanza kukwamakwama. Rekodi kila kitu ndani ya nyumba, kwenye kadi au diski, na mtandaoni yaende matukio tu. Kadi iwe ya aina iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, kwani za kawaida huchakaa mapema.

Umeme ukikatika, kamera ya betri inaendelea kuona lakini ruta imezima, hivyo hakuna arifa inayokufikia. Ukiwa na pesa ya kamera moja ya ziada, inunulie betri ya akiba ya ruta na ya kompyuta inayoendesha mfumo. Mawimbi ya Wi-Fi yanaweza pia kuvurugwa na mtu mwenye kifaa cha kufanya hivyo. Kwa sababu hiyo, kama nyumba inaruhusu, mlango mkuu ningeupa kamera ya waya wa mtandao hata kama nyingine zote zinatumia Wi-Fi.

Usalama wa kamera yenyewe nautilia mkazo kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na vifaa vingine kwa wingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuwa wamezibadilisha. Mwaka 2023 kampuni ya kamera ya Ring ilikubali kulipa dola milioni 5.8 baada ya FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, kuishutumu kwamba wafanyakazi wake waliweza kutazama video za faragha za wateja. Kwa hiyo weka nywila isiyotumika kwingine, washa uthibitisho wa hatua mbili, kamera ziwe kwenye mtandao wake tofauti na kompyuta zako, wala usifungue kwenye ruta njia (port) yoyote ya kuingilia kutoka nje ili uzitazame ukiwa mbali; tumia VPN, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani. Chumbani usiweke.

Majirani nao wana haki yao. Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera ya nyumbani inayochukua pia njia ya umma haihesabiwi kuwa shughuli binafsi tupu, hata kama aliyeifunga analinda familia yake. Sheria hutofautiana, lakini kuielekeza lenzi kwenye eneo lako na kumwambia jirani inaona wapi ni jambo la dakika chache. Waambie pia wanaofanya kazi nyumbani mwako, kabla hawajaigundua wenyewe.

Mwisho, jaribu mfumo usiku, si mchana. Mtu mmoja atembee kutoka nje hadi mlangoni kwa mwendo wa kawaida, wewe ukiwa kitandani na simu. Angalia arifa inafika akiwa wapi, na kama uso wake unatambulika. Akifika mlangoni kabla ya simu kulia, angalia kwanza pembe ya kamera, kisha nguvu ya mawimbi pale ilipofungwa, halafu ndipo ufikirie kununua nyingine.