Bango limekupa nini: ilhamu, hamasa au wazo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni kuchora nembo na mabango, na siku hizi natengeneza pia violesura vya programu za simu, yaani kurasa na vitufe anavyoviona mtumiaji kwenye skrini. Katika utangulizi wa kazi zangu niliandika: "Napenda kutazama dizaini kali za wenzangu ili nipate hamasa." Mwenzangu mmoja akafuta "hamasa" akaweka "ilhamu". Mwingine akataka "msukumo". Wote wawili wakashikilia kwamba "dizaini" si Kiswahili, niseme "usanifu". Nimebaki njia panda. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Sentensi yako haikuwa na kosa la sarufi. Shida ni kwamba haijatuambia hizo dizaini zinakupa nini hasa, na wenzako nao hawakukuuliza. Kila mmoja amekuchagulia jibu lake.

Hamasa ni moto. Ukiona kazi nzuri ukatamani kukimbilia mezani uanze yako, hiyo ni hamasa, hata kama hujui bado utachora nini. Msukumo hutoka nje na hauhitaji uzuri wowote. Hata deni humpa mtu msukumo wa kufanya kazi usiku kucha. Ilhamu ni neno zito zaidi. Tumelitoa katika Kiarabu likiwa na harufu ya dini, maana yake jambo linalotiwa moyoni mwa mtu na Mungu, na ndiyo maana huandamana na vitenzi vya pekee: ilhamu humjia mtu, humshukia. Silikatazi kwa wachoraji. Ila mtu anayepekua mamia ya picha kwenye simu akitafuta rangi ya kitufe, kusema anatafuta ilhamu naona anajivika joho kubwa kuliko mwili.

Nashuku unachokipata wewe mara nyingi ni wazo tu. Chukua kisa cha Mswisi George de Mestral. Mwaka 1941 alirudi kutoka matembezini na kukuta vijitunda vya magugu vimeganda kwenye nguo zake na manyoya ya mbwa wake. Akavitazama kwa hadubini, akaona vikulabu vidogo vidogo. Hapo ndipo ilipoanzia Velcro, ule utepe wa kubandika na kubandua wa viatu na mabegi. Hakushukiwa na kitu, wala magugu hayakumtia hamasa. Yalimpa wazo. Kiswahili kinaridhika na kitenzi hicho cha kawaida, na kikitaka kupamba kinasema yalimfungua macho.

Kuna neno jingine la kuliangalia, ingawa hukuliuliza: kuathiriwa. Watu hulinganisha redio ndogo ya Braun T3 ya mwaka 1958, kazi ya mbunifu Mjerumani Dieter Rams, na iPod ya kwanza ya mwaka 2001, kile kifaa cha Apple cha kuchezea muziki, kisha huandika kwamba wabunifu wa Apple "waliathiriwa na Rams". Katika uhakiki wa fasihi hilo linapita. Kwa msomaji wa kawaida, anayeathiriwa ni mtu aliyepatwa na mafuriko au homa. Sema walijifunza kwake, au walifuata nyayo zake. Ukiona wamevuka mpaka, sema waliiga.

Sasa "usanifu". Wenzako wana hoja, ila wamelitupa neno moja mahali penye kazi mbili. Kubuni ni kuleta kitu ambacho hakikuwapo. Kusanifu ni kukipanga kikae sawa. Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kiufundi, aliamua kwamba abiria wa treni za chini ya ardhi London hahitaji kujua umbali halisi kati ya vituo, anachohitaji ni mpangilio wa vituo hivyo na mahali pa kubadilisha treni. Huo ni ubunifu. Kuilaza na kuisimamisha mistari yote, au kuiinamisha kwa nyuzi 45, hadi ramani iliyotoka mwaka 1933 ikafanana na mchoro wa saketi ya umeme, huo ni usanifu. Ndiyo maana mchora majengo wengine humwita msanifu na wengine mbunifu, na hakuna aliyekosea.

Lakini jihadhari na "sanifu" likiwa kivumishi. Ukimwandikia mteja "kiolesura sanifu" ukikusudia kwamba kimepangwa kwa ustadi, yeye atakumbuka "Kiswahili sanifu" na kuelewa kwamba kinafuata kanuni moja iliyokubalika, kama vya wengine wote. Andika "kiolesura kilichosanifiwa vizuri".

"Dizaini" liache. Limeshaingia ngeli ya i-/zi-, limezaa kitenzi kudizaini, na vijana wamelipeleka mbali zaidi: "dizaini kama ananikwepa". Neno linalotumika hivyo si mgeni tena.

Ningegusa "kali" badala yake, maana ni sifa isiyosema kitu. Nembo ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, ya mwaka 1994 ina mshale uliofichwa katika nafasi nyeupe kati ya E na x. Wengi hupita wasiuone, na wakishauona hawawezi tena kutouona. Hiyo kuiita kali ni kuipunja. Ukiiita ya kijanja utaeleweka, ila usimwite aliyeichora mjanja mbele ya mteja wake, atarudia kuikagua ankara. Mwite mwerevu.

Kwa hiyo sentensi yako ningeiandika hivi: "Napenda kutazama dizaini za wenzangu zilizokwenda shule, hunipa mawazo." Kama kweli kinachowaka ni moto, rudisha hamasa yako. Nilifikiria pia "dizaini zenye akili za wenzangu", nikaiacha: huko tayari umewaibia wenzako akili.