Maswali ya Wasomaji: Meya Alikwenda Wapi?

Bwana Mhariri,
Dada yangu ameolewa Tanga, na kila ninapokwenda kumjulia hali huwasikia watu wa huko wakimtaja meya wa jiji lao na vikao vyake na madiwani. Nikirudi kwetu Likoni hujiuliza meya wetu alikwenda wapi. Ikiwa gavana ndiye aliyeshika nafasi yake, je, ndiye anayeongoza vikao vya wawakilishi wadi? Na wakikosana, neno la nani ndilo la mwisho?
Mama wa Mtongwe

Mama, swali lako lina maswali matatu ndani yake, na jibu la yote linaanza kwa kuondoa dhana moja iliyoenea sana mjini, kwamba gavana ni meya aliyebadilishwa jina. Sivyo. Hadi uchaguzi wa Machi 2013, Mombasa iliendeshwa na baraza la manispaa, ambamo wananchi waliwachagua madiwani, na madiwani wakakaa wakamchagua mmoja wao kuwa meya. Meya huyo alivaa joho na mkufu na kuongoza kikao cha baraza zima, lakini utendaji wa kila siku ulikuwa mikononi mwa karani wa mji, na sheria ndogo zilizopitishwa na baraza hazikuwa na nguvu mpaka waziri wa serikali za mitaa aziidhinishe kule Nairobi. Waziri huyo alikuwa na mkono mrefu kweli: baraza la jiji la Nairobi lenyewe liliwekwa chini ya tume kuanzia 1983 hadi 1992, na wakazi wakaishi miaka hiyo yote bila diwani. Wanaomkumbuka meya kwa hamu aghalabu hulisahau jambo hili.

Unayoyaona Tanga hayako mbali na mpango wetu wa zamani. Meya wa huko huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao na ndiye mwenyekiti wa vikao vyao, ilhali mkurugenzi wa jiji, ambaye ndiye mtendaji mkuu na katibu wa baraza, huteuliwa na Rais.

Kwetu, Katiba ya 2010 ilikata uhusiano huo kwa makusudi. Gavana huchaguliwa moja kwa moja na wapigakura wa kaunti nzima, na wawakilishi huchaguliwa katika wadi 30 zilizo katika maeneo bunge sita, kisha wakaongezewa wanachama wa viti maalumu ili jinsia moja isizidi theluthi mbili. Gavana hana kiti katika bunge hilo la kaunti wala haongozi kikao chake. Anayeongoza ni spika, ambaye huchaguliwa na wawakilishi lakini lazima awe mtu asiye mmoja wao, na ambaye hapigi kura. Kura zikilingana, hoja imeanguka. Kikao hakiwezi kuendelea ikiwa waliohudhuria hawajafika theluthi moja ya wanachama wote, na hiyo ndiyo inayoitwa akidi. Hata mawaziri wa kaunti, ambao kwetu hawawezi kuzidi kumi, hawaruhusiwi kuwa wawakilishi wadi: gavana huwateua, na bunge huwahoji kabla ya kuwaidhinisha au kuwakataa.

Sasa tuje kwenye ugomvi, maana hapo ndipo mamlaka hujulikana yalipo. Bunge likipitisha mswada, spika humpelekea gavana ndani ya siku 14. Gavana naye ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha pamoja na maelezo ya maandishi kuhusu yale asiyoyakubali. Akinyamaza tu, muda ukapita, mswada huhesabiwa kuwa umetiwa saini, na binafsi naona hiki ni kifungu kizuri sana, kwa kuwa kimewaokoa wananchi na maradhi ya karatasi kulala kwenye droo. Akiurudisha, wawakilishi wanaweza kuurekebisha kama alivyotaka, au wakashikilia msimamo wao. Lakini wakishikilia, lazima wapate kura za theluthi mbili ya wanachama, na wakizipata gavana hana tena pa kukimbilia, kwani asiposaini ndani ya siku saba mswada huwa sheria bila yeye. Kwa hiyo, Mama, neno la mwisho katika kutunga sheria ni la bunge, ila kwa sharti la kupata wingi ambao si rahisi kuukusanya.

Katika fedha mizani hubadilika kidogo. Makadirio ya bajeti huandaliwa na upande wa gavana na hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, ili yapitishwe kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Wawakilishi wanaweza kuyabadilisha, lakini hawawezi kuongeza fungu moja bila kupunguza jingine. Ndiyo maana kila Juni husikia kelele nyingi, na nyingi za kelele hizo ni za kugombania fungu lipi likatwe.

Bwana Mhariri,
Mwakilishi wetu alituahidi taa za barabarani alipoomba kura. Tulipomfuata alisema kazi hiyo ni ya gavana. Je, anatukwepa? Na mtu wa kawaida kama mimi anaweza kuingia bungeni nikasikia anavyotusemea?
Kijana wa Mikindani

Alichokwambia sasa ni kweli. Alichokosea ni ile ahadi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamkataza mwakilishi wadi kujihusisha na kazi za utendaji au kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti, kuwasiliana na waliomchagua na kuusimamia upande wa gavana. Kwa hiyo usimuulize kwa nini hajaweka taa. Muulize ni lini alisimama bungeni kuzidai, na kama katika mjadala wa bajeti alipendekeza fungu lake, maana maneno yanayosemwa katika kikao huandikwa na kuhifadhiwa.

Kuhusu kuingia, Kifungu cha 196 cha Katiba kinataka vikao vya bunge na vya kamati zake vifanyike hadharani, na umma au wanahabari wasizuiwe isipokuwa spika ameona kuna sababu ya kipekee inayokubalika. Ningekushauri uanze na kamati. Katika kikao cha bunge zima utakaa kwenye viti vya wageni usikilize tu, ilhali kamati ndizo zinazopokea maoni ya wananchi, na huko ndiko miswada hupekuliwa kifungu kwa kifungu. Vilevile una haki ya kuwasilisha ombi la maandishi kwa bunge kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Liandike kwa Kiswahili ukipenda, kwani ni mojawapo ya lugha rasmi za bunge hilo.

Bwana Mhariri,
Je, wawakilishi wakimchoka gavana wanaweza kumfukuza?
Mzee wa Mji wa Kale

Peke yao, hapana, Mzee wangu. Hoja ya kumwondoa huhitaji kuungwa mkono na theluthi moja ya wawakilishi ili ijadiliwe, na theluthi mbili ili ipite, kisha mashtaka hupelekwa kwa Seneti, ambayo ndiyo inayoamua. Kuchokana si sababu. Lazima liwe kosa zito kama kuvunja Katiba au kutumia mamlaka vibaya. Aliyekuwa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, aliondolewa kwa njia hiyo Desemba 2020, na Mahakama ya Juu ikathibitisha kuondolewa kwake Julai 2022, wakati alipokuwa akitafuta kugombea ugavana hapa kwetu Mombasa.