Diski ya terabaiti 1 inaposoma 931: kwa mnaoanza ufundi wa kompyuta

Wiki yangu ya kwanza dukani, mama mmoja alirudisha diski ya nje ya terabaiti 1 aliyoinunua jana yake. Kompyuta yake ilisoma GB 931. "Mwanangu, mmenipunja gigabaiti 69." Nikamjibu kwamba zote ndivyo zilivyo. Akaondoka akiamini tumemwibia, na mimi ndiye niliyemfanya aamini hivyo.

Hakuwa amepunjwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu: kilobaiti ni baiti 1,000, na terabaiti ni baiti trilioni 1. Windows huhesabu kwa 1,024, kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta hujengwa kwa mbili-mbili. Gawanya trilioni 1 kwa 1,024 mara tatu, utapata 931 na ushee. Kwa hesabu hiyohiyo, flashi ya GB 64 husoma kama 59.6. Mwaka 1998 shirika la viwango IEC lilitoa jina la gibibaiti, GiB, kwa hesabu ya 1,024, ili vipimo hivi viwili visichanganywe, lakini Windows bado huandika GB. Apple walihamia hesabu ya elfu mwaka 2009, ndiyo maana diski ileile ukiichomeka kwenye Mac husoma TB 1.

Usimhubirie mteja haya yote. Mbofyie diski kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, umwonyeshe mstari wa ukubwa: upande mmoja baiti zinakaribia au kupita trilioni, upande wa pili GB 931. Akiziona zote mbili kwenye mstari mmoja, hasira hupoa.

Simu na laptopu ni jambo jingine. Humo mfumo endeshi wenyewe unakula nafasi, na laptopu nyingi zina sehemu iliyofichwa ya kurejesha mfumo. Hapo nafasi imetumika kweli.

Lakini flashi inayonitia hofu si hiyo inayosoma 59.6. Ni ile ya bei ya chini mno iliyoandikwa TB 2, na kompyuta nayo inakubali kwamba ina TB 2. Chipu yake huenda ni ya GB 32 tu, imechezewa ili idanganye. Mteja wetu mmoja aliweka humo video za harusi ya bintiye. Majina ya faili yalikuwepo, na ukubwa wake pia. Ndani hapakuwa na kitu, na hatukuweza kurudisha hata dakika moja.

Tangu hapo, flashi nisiyoijua haitoki mikononi mwangu kabla ya kujazwa hadi mwisho na kusomwa tena yote. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw, kwenye Linux ile ya F3; ndizo zinazofanya kazi hiyo. Kwanza hamisha vilivyomo. Flashi kubwa huchukua saa nyingi, kwa hiyo mwambie mteja aifuate kesho.