Mota gani kwa bagi ya rimoti ya 1/10?

Mkuu, umesema bagi yako, yaani kigari cha mbio cha rimoti, ni ya 1/10 (sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi), inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, uwanja ni wa udongo, na unataka mota ya 6.5T upate kasi. Achana nayo kwa sasa, chukua 17.5T yenye sensa, yaani kifaa kinachosoma mota imekaa wapi inapozunguka. Namba hiyo ni mizunguko ya waya ndani ya mota: ikipungua, kasi inapanda na umeme unaliwa zaidi. Kwenye udongo mkavu 6.5T itasotesha tairi tu, na kila kona gari litageuka kuangalia lilikotoka.

Sensa usiiache, ndiyo inayofanya gari liondoke taratibu bila kushtukashtuka.

Servo, ile mota ndogo inayokata usukani, nunua ya gia za chuma, lakini kwanza soma kidhibiti mwendo (kinachogawa umeme wa betri) kinaipa volti ngapi. Kikitoa 7.4 na servo ni ya volti 6, utaiunguza.

Betri ni LiPo (lithiamu polima) ya seli mbili, volti 7.4, yenye ganda gumu. Yenye ujazo wa mAh 4000 ichaji kwa ampea 4, usiiache peke yake ikichaji, na ukiihifadhi ibaki karibu volti 3.8 kwa kila seli.

Pinioni, ile gia ndogo kwenye mota, anza na yenye meno machache. Zunguka dakika chache, pima joto la mota. Likikaribia nyuzi 80, punguza meno tena. Springi na mafuta ya shokapu usiviguse kabla hujapata tairi zinazoshika huo udongo wenu. Waulize wanaoshinda hapo wanafunga zipi.