Mwanangu, kuhusu Hürrem na lile hema

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimefika na swali lako nimelisoma mara mbili. Unauliza kama Hürrem, yule wa tamthilia ya Kituruki tuliyoifuatilia usiku baada ya usiku, alimpenda Sultani Süleyman wa dola ya Waosmani kwa dhati au alikipenda kiti chake. Mimi nakuuliza kwanza: katika nyumba ile, nani aliachiwa nafasi ya kupenda bila kuogopa? Nimewaambieni tangu mko wadogo, kabla ya kumhukumu mtu zisome kanuni za nyumba aliyoingia.

Kanuni ya kwanza ni ya damu. Sheria za Mehmed wa Pili, aliyeiteka Istanbul, zilimruhusu mwana atakayetawala awaue ndugu zake ili dola isigawanyike. Si chumvi ya tamthilia hiyo. Mwaka 1595 Mehmed wa Tatu alipokalia kiti, ndugu zake wa kiume 19 walinyongwa, wengine wadogo kabisa. Basi unapomwona Mahidevran, suria mwenzake aliyemzalia Süleyman mwana aitwaye Mustafa, anamtazama Hürrem kwa jicho lile, usidhani ni wivu wa vito na vyumba. Kila mmoja alijua kwamba mwana wa mwenziwe akitawala, wa kwake anazikwa.

Kanuni ya pili tamthilia iliipitia juu juu. Suria akishamzalia sultani mtoto wa kiume, desturi ilikuwa asirudi tena kitandani kwake. Mama mmoja, mwana mmoja. Mwana akikua anapelekwa jimboni kujifunza kutawala, na mama anafuatana naye, awe mshauri na mlinzi wake. Mahidevran aliishika njia hiyo, akaenda na Mustafa Manisa, baadaye Amasya. Hürrem ndiye aliyeivunja. Alimzaa Mehmed mwaka 1521, wakafuata binti, Mihrimah, na wana Selim, Bayezid na Cihangir, mbali na yule aliyefariki mchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1530 akaolewa kwa ndoa halali, mji mzima ukashangaa. Wanawe walipokwenda majimboni, yeye akabaki na mumewe.

(Usiyachukue mambo ya kwenye skrini yote kama yalivyo. Mwanzoni wanawake wengi hawakukaa Topkapı, ikulu ya sultani, walikaa Kasri la Zamani, upande mwingine wa mji. Waandishi wa tamthilia waliwaweka wote chini ya paa moja kwa sababu fitina inahitaji ukumbi wa kukutania.)

Hapo kwenye kuvunja desturi mimi naona mapenzi, tena ya Süleyman kuliko ya Hürrem. Mtu aliyeweza kuchagua yeyote aliiacha njia ya baba zake kwa ajili ya mmoja, akamtungia mashairi kwa jina la Muhibbi. Kosa ni kwamba aliivunja kanuni ya kitanda, ile ya damu akaiacha palepale. Mwanamke mmoja akawa na wana kadhaa ndani ya nyumba inayobakiza mmoja tu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kipindi kile cha hema hakinitoki. Unakumbuka bibi yako alivyogeuza uso ukutani mpaka kikaisha.

Kwanza ielewe safari yenyewe. Sultani akifa, mwana atakayewahi mji mkuu ndiye anayeshika hazina na askari, na Manisa iko karibu na Istanbul kuliko Amasya. Mustafa kuhamishiwa Amasya mwaka 1541, na Manisa kupewa Mehmed wa Hürrem mwaka uliofuata, ulikuwa ujumbe ambao hata mpishi wa jikoni aliuelewa. Mehmed akafariki 1543, na Manisa haikurudi kwa Mustafa, alipewa Selim. Kisha Oktoba 1553, jeshi likiwa njiani kwenda kupigana na Waajemi, baba akapiga kambi karibu na Ereğli na kumwita mwanawe. Mustafa akaingia hemani bila silaha. Ndani walikuwepo mabubu, wanyongaji wa sultani, na upote wa upinde, wakamnyonga, kwa kuwa damu ya ukoo ule haikuruhusiwa kumwagika. Balozi mmoja wa Ulaya wa zama zile aliandika kwamba baba alikuwa nyuma ya pazia, anasikia.

Ni Hürrem aliyechochea? Hakuna karatasi yenye mkono wake. Lakini Rüstem, aliyepeleka habari kwamba askari wanamtaka Mustafa, alikuwa mume wa Mihrimah, na mkwe hafanyi jambo kama hilo peke yake. Askari walipochachamaa akaondolewa uwaziri mkuu, na mwaka 1555 akarudishwa. Haya, nishamtia hatiani. Lakini hapana, Süleyman naye alikuwa na hofu yake ya kurithi: mwaka 1512 baba yake, Selim wa Kwanza, alimng'oa baba yake mzazi kwa nguvu ya askari haohao. Mwana anayependwa na jeshi alikuwa jinamizi la ukoo. Ndiyo maana nasema, kanuni za nyumba kwanza.

Na nyumba haikumwacha Hürrem. Wiki chache baada ya hema, Cihangir wake alifariki Aleppo. Yeye mwenyewe alifariki 1558, na mwaka uliofuata Selim na Bayezid wakapigana Konya. Bayezid akakimbilia Uajemi, akauawa huko pamoja na wanawe.

Unataka neno moja, najua. Barua alizompelekea mumewe vitani zipo mpaka leo, mna watoto wanaolia wanaposomewa maneno ya baba yao. Zinanivuta kusema ndiyo. Kisha nalikumbuka hema, na ulimi unarudi nyuma. Swali hilo niachie kwa sasa.

Ungeniuliza la Mahidevran ningekujibu papo hapo. Alibaki Bursa, lilipo kaburi la Mustafa, akaishi kwa dhiki mpaka Selim, mwana wa Hürrem, alipotawala na kugharimia jengo la kaburi lile. Alifariki 1581. Wote wengine walikuwa wameshamtangulia.

Ni mimi,
Mama yako